Daktari wa utumbo mpana aliyenipasua kwa matundu matano

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 54, kibanda changu kiko jirani na soko kuu hapa Tabora. Nguo yoyote nikiletewa, kwanza naigeuza nione upande wa ndani, maana huko ndiko fundi anakojulikana. Daktari aliyenikata utumbo mwaka jana nimemwangalia kwa jicho hilohilo. Naandika kwa sababu watu wa Isevya na Ng'ambo wananiuliza kila siku: huo upasuaji wa matundu madogo ukoje, na huyo daktari anaaminika?

Kabla ya kumfikia nilipoteza miezi 8. Nilikuwa naona damu chooni, haja inatoka nyembamba kama utepe, tumbo linajaa gesi. Zahanati niliyokwenda wakasema bawasiri. Nikapewa dawa ya kupaka, kisha ya kuingiza, kisha nikaambiwa niache pilipili. Hakuna hata mmoja aliyevaa glovu akanipima kwa kidole. Daktari aliniambia baadaye kwamba kidole kisingeufikia uvimbe wangu, ulikuwa juu mno. Lakini mgonjwa akipimwa na bawasiri isionekane, alisema, hapo ndipo swali linapoanza: hii damu inatoka wapi? Mimi swali hilo halikuulizwa miezi 8, na bado linaniuma.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, muuguzi. Alinisimamia mpaka nikafanyiwa kipimo cha kamera kupitia njia ya haja kubwa. Wakaona uvimbe pale utumbo mpana unapojikunja kama herufi S, wakachukua kinyama, majibu yakarudi saratani. Nikapewa rufaa. Basi mpaka Dodoma, kutoka hapo treni ya mwendokasi mpaka Dar es Salaam, mimi na mwanangu wa pili.

Siku ya kwanza daktari alianza vibaya kidogo. Alikuwa anamweleza mwanangu, mimi nimekaa pembeni kama mzigo. Nikamwambia, "Daktari, shughuli zote utamwachia kijana, lakini tumbo ni langu." Aliomba radhi palepale, akageuza kiti, akachukua karatasi akanichorea utumbo wangu wote. Karatasi ile ninayo mpaka leo kwenye droo ya vifungo.

Nilikuwa na maswali mawili. La kwanza la ufundi: utashonaje humo ndani na mkono hauingii? Akanieleza kwamba wanajaza tumbo kwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta uinuke wapate nafasi, wanapitisha kamera kitovuni, na vifaa virefu vyembamba kwenye matundu mengine, mengi yake ya milimita 5 tu. Uvimbe wenyewe hautoki kwenye tundu la milimita 5, kwa hiyo mwishoni wanachana kidogo chini ya tumbo na kuutolea hapo, umefungwa kwenye mfuko usiguse kidonda. Ncha mbili za utumbo zinaunganishwa kwa mashine ya duara inayoingizwa kwa nyuma. Inabana pini ndogo mzunguko mzima na kukata katikati kwa pigo moja. Mimi nimetia macho ya vifungo maisha yangu yote, nikaielewa mashine ile kabla hajamaliza kueleza.

Swali la pili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Je, kamera haitaacha saratani ndani? Hakulipuuza. Alisema miaka ya 1990 mabingwa wenyewe waliogopa jambo hilohilo, wakiona saratani inaota kwenye matundu. Ndipo Marekani wakawapima wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, nusu kwa matundu, nusu kwa kupasuliwa wazi, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imewarudia 16 kati ya 100 kwa matundu, na 18 kati ya 100 kwa kupasuliwa wazi. Yaani hakuna tofauti ya kutisha. Halafu akaniambia na la upande wa pili bila mimi kuuliza: katika utafiti huohuo, mgonjwa mmoja kati ya watano aliyeanza kwa matundu iliwabidi wamfungue. "Mama, nikiona sioni vizuri, nakufungua. Sitashindana na tumbo lako." Hapo ndipo nilipotia sahihi.

Nilimuuliza pia amejifunza miaka mingapi. Akahesabu kwa vidole: 5 ya udaktari, 1 ya mafunzo kazini, 3 kwenye hospitali ya wilaya akipasua ngiri na akina mama wa uzazi, 4 ya ubingwa wa upasuaji, kisha India kwa ajili ya utumbo mpana na matundu. Kule India, miezi ya mwanzo alishika kamera tu, mkubwa wake akifanya kazi. Jioni alikuwa na sanduku lenye matundu, ndani kuna kipande cha mpira, anafunga mafundo huku akitazama skrini. Mkono ukienda kushoto, ncha ya kifaa inakwenda kulia, na picha ni bapa, huoni kina. Niliwaza mabinti wanaojifunza kwangu, wanaolalamika nikiwaweka mwezi mzima kwenye pindo. Niliporudi niliwasimulia, wakanyamaza.

Upasuaji ulichukua kama saa 4. Nilipozinduka kilichoniuma zaidi ni bega la kulia, nikadhani wameniangusha. Muuguzi akaniambia ni gesi iliyobaki, inasumbua kiwambo chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani. Laiti daktari angenitajia hilo mapema, maana nililia bure usiku ule. Jioni hiyohiyo walinisimamisha. Kesho yake uji, na bigijii ya kutafuna ili utumbo uamke. Dada yangu aliyejifungua kwa kupasuliwa zamani hakuamini, yeye alikaa na dripu siku kadhaa bila kitu mdomoni. Siku ya 5 niliruhusiwa, bila mfuko wa haja tumboni, jambo nililokuwa nimeliogopa kuliko kifo.

Sasa kovu. Matundu manne yameshaanza kupotea, la kitovuni silioni kabisa. Mchano wa chini ni sentimita 6, nimeupima kwa futi yangu ya kazini. Umenyooka, haukuvuta ngozi upande wowote. Majibu ya maabara yalisema walikuta tezi za limfu 17 kwenye kipande kilichotolewa, zile ambazo saratani hupitia ikianza kusambaa, zote safi. Daktari alisema wanataka zisipungue 12, wakipata chache hawana uhakika wamekagua vya kutosha. Dawa za saratani sikuhitaji.

Gharama: bima ililipa sehemu kubwa, lakini pini za ile mashine hazikuwemo, na tuliambiwa siku mbili kabla. Ukoo ulichangishana kwa simu usiku kucha. Jambo hili hospitali walitakiwa kulisema siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mtu wa Tabora hana pa kukimbilia akiwa gesti Dar. Na karatasi ya kuruhusiwa yote Kiingereza. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenisomea.

Nilimuuliza lini naweza kurudi kwenye pedeli. Akauliza cherehani ni ya miguu au ya umeme, akafikiri, akasema wiki 6, na nisinyanyue zaidi ya kilo 5 kwanza. Robota la kitenge ni zaidi ya hapo, kwa hiyo nilikaa nikishona vifungo kwa mkono. Wiki ya 4 alinipigia mwenyewe. Simu ile ilikuwa ya dakika tatu, aliuliza chakula, haja, homa, akasikiliza.

Aliniagiza pia niwaambie ndugu wa tumbo moja wapimwe. Kaka yangu wa Urambo amekwenda, wakamkuta na kinyama kimoja kidogo kilichoota utumboni, wakakitoa palepale. Mdogo wetu wa Sikonge bado anakataa. Jumamosi nafunga kibanda, naenda kumfuata.