Banda la karakana uani Tanga: lipi litabeba mashine nzito, lipi ni kivuli tu

Randa yangu ya kwanza ya mashine ilitembea. Sisemi kwa mafumbo. Niliiwasha asubuhi, na kufikia adhuhuri ilikuwa imesogea upana wa vidole viwili, mguu mmoja umedidimia kwenye ufa wa sakafu. Banda lenyewe lilikuwa zuri kwa macho, bati jipya, mlango wa bluu, majirani wanasifia. Chini yake kulikuwa na inchi 2 za saruji juu ya kifusi nilichokimwaga mwenyewe na kukishindilia kwa ndala. Pesa yote ilikuwa imeishia juu.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na watu wanavyonunua. Wengi huanza na bati, wakaja kwenye kuta, kinachobaki ndicho cha chini. Wewe nunua sakafu kwanza, ndipo uchague banda la kuiwekea juu. Mabanda nitayapanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho kwa hali ya Tanga: chumvi ya bahari, joto, masika na mchwa. Bei sitataja, maana mfuko wa saruji wa leo si wa mwezi ujao. Nitakupa idadi, ukapige hesabu dukani mwenyewe. Kipimo chetu ni banda la mita 6 kwa 5, linaloingiza msumeno wa meza, randa ya kusawazisha unene ambayo mafundi huiita tiknesa, msumeno wa mkanda na meza ya kuungia.

Sakafu, kabla ya yote

Watu huogopa uzito wa mashine. Hebu tupige hesabu. Mashine ya kombaini, yaani msumeno na randa katika mwili mmoja, ya kilo 600 imesimama kwa miguu minne, kila mguu una kikanyagio cha sentimita 10 kwa 10. Kila sentimita ya mraba ya zege inabebeshwa kilo 1 na nusu. Zege la moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) lililomwagiliwa vizuri linahimili zaidi ya kilo 150 mahali hapohapo. Lina nguvu mara mia ya mzigo uliolitwika. Kinachovunja sakafu ni kilichoko chini yake: kifusi kilicholegea kinashuka upande mmoja, zege linabaki limeelea juu ya uwazi kama ubao wa kuvukia mtaro, kisha mtetemo wa mota unamalizia.

Basi ondoa udongo wa juu wenye mizizi mpaka ukute ardhi ngumu. Jaza mawe na moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowe na ishindiliwe kwa mashine kabla ya inayofuata. Mawe si tatizo letu. Ya chokaa yapo tele upande wa Pongwe na Amboni. Tatizo ni kiwanja chenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huo uchimbe uuondoe, usibishane nao.

Juu ya mawe tandaza mchanga kidogo, kisha nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, kisha wavu wa chuma uitwao BRC wenye nyaya za mm 6 kila sentimita 20. Wavu uinuliwe kwa vijiwe vya zege usilalie nailoni. Fundi atakwambia, "Tutaunyanyua wakati wa kumwaga, bosi." Hataunyanyua.

Zege liwe inchi 6. Kwa banda letu ni mita za ujazo 4 na nusu: saruji mifuko 28 hadi 30, mchanga mita za ujazo 2, kokoto 4. Chukua saruji yenye namba ya nguvu 42.5 kwa sakafu, ya 32.5 iache kwa kujengea na plasta. Saruji ya Simba inatoka hapahapa Pongwe, kwa hiyo huna sababu ya kukubali mfuko wenye mabonge uliolala stoo ukinyonya unyevu wa pwani. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukipewa bure, chumvi yake inakula chuma ndani kwa ndani. Mwagilia siku 7 bila kuruka hata moja, funika kwa magunia yaliyolowa, na mashine isikanyage kabla ya siku 28, umri ambao nguvu ya zege hupimiwa.

Kuna mambo mawili ambayo ukiyasahau siku ya kumwaga utakuja kuyalipia kwa patasi. La kwanza, laza mabomba ya waya chini ya sakafu kutoka ukutani hadi pale msumeno wa meza utakaposimama, katikati ya chumba; waya unaotambaa juu ya sakafu yenye pumba za mbao ni mtego. La pili, kama una mashine ya zamani ya chuma cha kusubu inayotetemeka, ichimbie kitako chake cha zege cha kina cha sentimita 30, kilichotenganishwa na sakafu nyingine na kisichogusa msingi wa ukuta. Mtetemo wake utabaki hapo.

Uso wa sakafu uwe juu ya ardhi ya nje kwa inchi 6 au 8, mlangoni uweke mteremko. Aliyeona mvua ya Mei mitaa ya Ngamiani hataniuliza kwa nini.

La kwanza: bloku la inchi 6 hadi juu

Hili ndilo ninalomshauri mwenye kiwanja chake. Ukuta wa mita 3 kwenda juu, ukitoa mlango na madirisha, unakula tofali kama 550, na msingi wa kozi (mistari ya tofali) tatu unaongeza kama 140. Juu ya madirisha pitisha mkanda wa zege wenye nondo 4 za mm 12 kuzunguka banda zima, ukuta ushikane.

Nalipatia nafasi ya kwanza kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na mashine. Moja ni jirani. Tiknesa inapiga kelele ya kumtoa mtu usingizini nyumba ya tatu, na bloku inaimeza sehemu kubwa. Bati halimezi kitu. Nyingine ni mwizi. Mashine ya nusu tani hatoki nayo, lakini mota yake inashikwa na boliti nne tu.

Kasoro yake ni joto, na dawa ni kuacha mistari miwili ya tofali za matundu chini ya paa, ukuta wa kusini na wa kaskazini. Kusi itapita humo nusu ya mwaka, kaskazi itarudi nayo. Matundu hayo pia yanapunguza vumbi, ingawa si dawa yake: vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, kwa hiyo mashine ya kulinyonya na barakoa vinabaki palepale.

Tofali usinunue kwa macho. Muulize mfyatuaji anatoa ngapi kwa mfuko mmoja. Akikujibu kwa fahari zaidi ya 40 za inchi 6, mshukuru uende zako. Kisha inua moja mpaka kiunoni uiachie. Nzuri itameguka pembe, mbovu itarudi kuwa mchanga.

La pili: ukuta nusu, fremu ya chuma juu

Hapa unajenga bloku mita 1.2 tu, juu unasimamisha nguzo za bomba za mraba za mm 75, unene usipungue mm 2, zimefungwa kwa boliti kwenye zege, kisha unaziba kwa bati au wavu wa chuma. Kwa kufanyia kazi, ukiniuliza moyo wangu, ndilo banda tamu kuliko yote. Mwanga unaingia, upepo unapita, husikii kama umo ndani ya tanuri. Aliyepanga kiwanja ana faida ya ziada: mkataba ukiisha anafungua boliti na kuondoka na fremu yake, anamwachia mwenye kiwanja tofali na sakafu.

Linaangukia nafasi ya pili kwa ajili ya kelele na kutu. Chuma kinachokaa Raskazone, bahari iko pale, hakiishi maisha ya chuma kilichoko Kange. Kila kiungo cha weldingi kisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo, na miguu ya nguzo ikae juu ya ukuta au juu ya vitako vya zege, isizikwe kamwe ndani ya udongo.

La tatu: kontena la futi 20

Mji wa bandari, makontena yanaonekana, na kishawishi ni kikubwa. Sakafu yake ni plaiwudi ya mm 28 juu ya mihimili ya chuma, imeundwa ibebe hata folklifti inayoingia kupakia, kwa hiyo kilo 600 si kitu. Mwizi anahangaika. Mchwa hana la kula, kwa kuwa plaiwudi hiyo kwa kawaida hutiwa dawa ya wadudu.

Lakini pima ndani: urefu mita 5.9, upana mita 2.35. Weka msumeno wa meza katikati, kisha uzunguke na ubao mkononi. Hutazunguka. Mchana kunaunguza, na usiku bati lake linapoa, jasho linadondoka kutoka darini moja kwa moja juu ya meza za chuma. Ninalolifahamu vizuri limegeuzwa stoo ya vifaa pembeni ya banda la bloku, na kwa kazi hiyo halina mpinzani. Ukilinunua, lisimamishe juu ya vitako vinne vya zege kwenye pembe zake, usililaze chini.

La nne: fremu ya mbao na bati

Inaniuma kumwambia seremala asijenge kwa mbao, lakini paini ya 2 kwa 4 isiyo na dawa ni karamu ya mchwa. Kama mfuko unakulazimisha, tumia nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, za aina ya zile za umeme, uzisimamishe juu ya viatu vya chuma vilivyoshikwa na zege. Mtiki wa Longuza kule Muheza unastahimili mchwa, ila kuutia kwenye kuta za banda ni kama kupiga deki kwa kanga mpya. Na chochote kitakachobadilika hapo, sakafu isibadilike: inchi 6, mawe chini, wavu katikati.

La mwisho: mabanzi na makuti

Kivuli kizuri cha kupigia msasa na kunywea kahawa. Mashine usiingize.

Paa, mlango, umeme

Bati chukua geji 28, si 30. Namba ikipungua, unene unaongezeka, na wauzaji wanafurahi sana ukidhani ni kinyume chake. Lililopakwa alumini na zinki linastahimili chumvi zaidi. Kenchi zifungwe kwa vipande vya nondo vilivyoachwa kwenye mkanda wa zege, upepo usije ukaondoka na paa. Na usininginize mashine kwenye kenchi wakati wa kushusha, hata kwa dakika moja.

Mlango ndio unaosahauliwa. Mbao zetu nyingi zina futi 12. Ukipasua ubao wa futi 12 unahitaji futi 12 mbele ya msumeno na futi 12 nyuma yake, jumla zaidi ya mita 7, na banda letu lina 6. Dawa si kuongeza chumba. Weka mlango wa mita 2.4 na upange msumeno mstari mmoja nao, ubao utokee nje. Kwenye ukuta wa nyuma tia dirisha kwenye mstari huohuo, hata mti wa mita 5 utapita.

Umeme: mota ya hp 3 ya fezi moja inavuta kama ampia 15 ikiwa kazini, na inapowaka inavuta mara kadhaa ya hizo, taa za nyumba zinainama. Mota ya nguvu hiyohiyo ya fezi tatu inavuta kama 5. Kwa hiyo kabla hujanunua mashine hata moja, omba TANESCO wakupimie umbali wa laini ya fezi tatu, kwa sababu mashine nyingi nzito za mitumba zinakuja na mota za aina hiyo. Fundi awe na leseni ya EWURA, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ichimbiwe kweli, isiwe waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Kibali cha ujenzi kipo Halmashauri ya Jiji. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na ukimweleza jirani mapema saa za kupiga mashine unajiepusha na mengi.

Siku ya kuleta mashine

Mgeni huyu si wa "waja leo waondoka leo". Ukimkosea mahali pa kukaa, kumhamisha ni kazi ya vijana sita. Chora kwa chaki sakafuni kila mashine itakapokaa, pamoja na njia ya ubao, kabla gari halijafika. Ishushe kwa mbao imara, iviringishe juu ya mabomba ya inchi 1 na nusu, mtu mmoja akizungusha bomba la nyuma kulileta mbele, na asiwepo mtu upande wa chini wa mteremko. Ikishafika, pima kwa pimamaji pande zote mbili, chomeka vipande vya bati chini ya mguu ulioinuka, ndipo utoboe na kukaza boliti zinazotanuka ndani ya zege. Meza zake zifute kwa nta jioni hiyohiyo. Masika, kutu ya Tanga haingoji asubuhi.

Kisha iwashe ikiwa tupu na usimamishe sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo wake juu ya meza. Ikianguka, rudi kwanza kwenye vile vipande vya bati chini ya miguu kabla hujaanza kuilaumu mota.