Huduma ya kunyonya vyoo kwa pampu ya mkono, Kigogo

Nyumba nyingi za Kigogo, jijini Dar es Salaam, zinazoshukia Bonde la Msimbazi hazifikiwi na gari la majitaka, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na mpira wake hauna urefu wa kutosha. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye nyumba husubiri masika, wakatapisha vyoo, yaani kufungulia shimo uchafu utoke na maji, usiku mvua inaponyesha, na uchafu huo hufuata mto kuelekea Jangwani, ambako mafuriko huuingiza ndani ya nyumba za watu.

Mwaka huu tuliamua kukiita kikundi cha vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu ya mkono, nami nakisifu bila kusita. Walifika wamevaa glavu na mabuti, wakaopoa kwanza matambara na pampasi kwa ndoano, wakamwaga maji kulainisha tope, kisha wakalipampu hadi kwenye mapipa yenye vifuniko yaliyopakiwa kwenye guta, chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, kwenda mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Sakafu waliiosha kwa dawa kabla ya kuondoka. Harufu haikwepeki, na atakayewaita karibu na saa ya chakula asimlaumu mtu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tope gumu la chini hubaki, hivyo shimo hujaa tena mapema. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni malipo kwa pipa: mwenye wapangaji kadhaa atachangisha, ila mama anayeishi kwa kuuza maandazi atakumbuka kwamba mvua haitozi chochote. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitaka mchafuzi alipe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini hakuna kati ya hizo inayomshushia mama huyo bei ya pipa. Kwa maoni yangu, fedha za umma zinazotumika kuondoa taka mtoni baada ya mafuriko zingefaa zaidi kama sehemu yake ingechangia mapipa haya kupitia serikali za mitaa.

Anayehitaji huduma hii awaite Januari au Februari, kwa sababu ifikapo Aprili guta halipiti kwenye matope, na asimalize kulipa kabla ya kuonyeshwa stakabadhi ya mahali tope lilikomwagwa.