Fomu ya mradi ya PBLWorks kwa mwalimu wa sanaa: nilivyoitumia kwenye mradi wa leso, Gredi ya 8

Walimu wenzangu wa Sanaa Bunifu na Michezo huniuliza mara kwa mara kama kuna kitu cha bure cha kupangia miradi ya sanaa ya kuona katika sekondari msingi. Kipo. Ni fomu ya kupangia mradi ya PBLWorks, nami naipendekeza kwa sharti moja nitakalolieleza mbele. Nimeitumia hapa Mombasa na wanafunzi wa Gredi ya 8, katika mradi wa kubuni na kuchapa leso, yaani kanga.

PBLWorks ndiyo Buck Institute for Education, taasisi ya California, Marekani, ambayo kazi yake ni kuwafunza walimu kufundisha kwa miradi. Unajiandikisha kwenye tovuti yao kwa baruapepe, unapakua fomu, hulipi chochote. Imeandikwa kwa Kiingereza. Mimi niliichapisha saiba, nikaijaza kwa penseli kwa sababu nilijua nitafuta sana, na kweli nilifuta.

Nyuma ya fomu hiyo kuna mambo saba ambayo taasisi inasema kila mradi mzuri uwe nayo: swali zito la kuanzia, uchunguzi wa muda mrefu, uhusiano na maisha halisi, nafasi ya mwanafunzi kuchagua, kutafakari, kukosoana na kurekebisha, na kazi ya mwisho inayoonyeshwa hadharani. Matano ya kwanza mwalimu aliyesoma miongozo ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ameshayakuta kwa majina mengine. Lile swali la kuanzia, kwa mfano, ni ndugu wa swali dadisi letu, lile linaloongoza kila mada ndogo. Yale mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niithamini fomu hii.

Tazama maazimio ya kazi tunayoandika kila muhula. Mstari mmoja una mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, shughuli, swali dadisi, nyenzo, tathmini. Wiki inayofuata, mstari mwingine. Mtoto anachora, anapewa alama, mchoro unaingia kwenye faili na hautoki tena. Hakuna mahali panapomuuliza mwalimu: kazi hii ataiona nani? Fomu ya PBLWorks inauliza hilo mapema kabisa, kabla hujafika kwenye vipindi. Inataka uandike kitakachotengenezwa, kitakachokuwa cha kundi, kitakachokuwa cha mwanafunzi peke yake, na watu watakaokuja kukitazama. Ukishaandika kwamba leso zitatundikwa siku ya wazazi, huna budi kuhesabu kurudi nyuma: kupiga pasi lini, kuchapa lini, kuchonga lini, kuchora lini.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Sanaa Bunifu na Michezo ina vipindi vitano kwa wiki, vya dakika 40, na humo humo mna muziki, maigizo na michezo. Kuchapa kitambaa hakumalizwi kwa dakika 40. Ukitandika magazeti na kugawa rangi, kengele imelia. Nilipoiona kalenda ya mradi imejaa, nilimwendea mwalimu mkuu mapema nikaomba vipindi viwili vifuatane kwa muda wa mradi. Alikubali kwa sababu nilikuwa na karatasi mkononi inayoonyesha kila siku itafanyika nini.

Swali letu kuu lilikuwa: leso ya mtaa wetu ingesema nini? Nililichagua kwa sababu leso ni somo zima la sanaa lililokunjwa kabatini kwa kila mama. Ina pindo linalojirudia pande zote nne, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Ndani yake kuna ulinganifu, marudio, utofauti wa rangi na uandishi wa herufi. Na Mombasa historia yake iko mlangoni: duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi wanamjua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, liko Biashara Street, na wanafunzi wangu wengi wameshapita hapo na mama zao. Niliwaeleza pia kwamba majina ya leso za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi tunazotumia sasa. Wanafunzi wa madrasa walitaka kujaribu, na makundi mawili yakaandika hivyo.

Kipindi cha kwanza kila mtoto alileta leso ya nyumbani kwa idhini ya mama au bibi yake, tukazitundika kwenye kamba darasani. Hapa nilitumia kitu kingine cha bure, zoezi la Project Zero ya Chuo Kikuu cha Harvard, mradi wa utafiti ulioanzishwa 1967 na mwanafalsafa Nelson Goodman. Zoezi lina hatua tatu tu: unaona nini, unafikiri nini, unajiuliza nini. Watoto hukimbilia ya pili. Inabidi uwashike kwenye ya kwanza kwa utulivu, hadi mmoja aseme, "Mwalimu, pindo la hii halifanani na la ile, hili lina mistari miwili myembamba ndani." Hapo darasa limeanza kutazama.

Sasa ukosoaji. Fomu inakutaka uweke vituo vya ukaguzi njiani, si mwishoni pekee, na kila kituo kiwe na muda wa kurekebisha. Kanuni tuliyoifuata ni ya mwalimu wa Marekani, Ron Berger: maoni yawe ya upole, yawe mahususi, yawe ya kusaidia. Niliiandika ubaoni na kuiacha hapo.

Kundi moja lilichonga umbo la korosho kwenye kiazi, muhuri wa sentimita 6. Kitambaa chetu cha marekani, pamba isiyo na rangi, tulikikata sentimita 75 kwa 55, kama nusu ya leso ya kawaida kila upande, ili kisituvunje mfuko. Walijaribu pindo kwanza kwenye karatasi ya manila. Wakaanza kona ya kushoto, chapa baada ya chapa, na walipofika kona ya kulia zilibaki sentimita 3. Korosho ya mwisho ikakatika katikati. Msichana wa kundi jirani akainama, akapima kwa rula, akasema: "Korosho zenu zimekaa vizuri, lakini hii ya kona haina kichwa. Mkipunguza muhuri uwe sentimita 5, zitaingia 15 huku na 11 kule, na kila kona itapata yake." Wakachonga kiazi kipya. Hesabu ya kugawanya ilifanywa na watoto wenyewe, kwa sababu waliihitaji.

Jina nalo lilikuwa na somo lake. Muhuri hugeuza herufi, kwa hiyo maandishi tuliyakata kama stensili kwenye picha kuukuu za eksirei, ambazo hazilowi na hutumika tena na tena. Kundi lililoandika BAHARI SI JAA liligundua kwamba ukikata A yote, pembetatu ya ndani inaanguka, na B na R vivyo hivyo. Inabidi uache kidaraja chembamba kinachoishikilia. Walichora kila herufi upya, na mfanyabiashara mmoja wa leso aliyekubali kuja kuzitazama rasimu akawaambia: "Wanangu, mtu akiwa ng'ambo ya barabara asome. Nenepesheni herufi." Wakanenepesha. Kumwalika mtu wa kazi hiyo katikati ya mradi, wakati bado kuna cha kubadilisha, ni jambo ambalo mpango wa aina hii unalipatia nafasi, na ningelipigania hata bila fomu.

Sasa lile sharti. Fomu hii iliandikwa itumike kwa kila somo, la sayansi kama la historia, kwa hiyo haijui lolote kuhusu rangi ya kitambaa inayochukua usiku kucha kukauka katika unyevu wa Pwani, wala kwamba baadaye lazima ipigwe pasi upande wa nyuma ili isitoke ikifuliwa. Haijui kwamba mtoto hawezi kupiga chapa safi kabla hajafundishwa kuweka rangi kwenye sponji badala ya kuchovya kiazi ndani ya kopo. Mwalimu wa sanaa akiijaza kama ilivyo atapata mpango mzuri wa mazungumzo na maonyesho, na katikati, pale mikono inapofanya kazi, patabaki patupu.

Kwa hiyo ongeza safu mbili zako. Moja ni ya stadi: kila kipindi, mkono wa mtoto unajifunza nini, na atajaribia kwenye nini kabla ya kugusa kitambaa. Ya pili ni ya vifaa: vinatoka wapi, nani anavileta, vinahitaji muda gani. Safu hii ya pili inalinda wazazi. Wamechoka kuagizwa vitu jioni ya leo kwa ajili ya kesho asubuhi, na wana haki. Mimi niliwatumia orodha mapema, nikaomba vilivyomo nyumbani tu: viazi, magazeti, kipande cha godoro kuukuu, shati la kukingia sare. Kitambaa na rangi vilinunuliwa na shule, kitambaa kimoja kwa kundi.

Pale fomu inapotaka viwango vya kimarekani nilinakili matokeo kutoka mwongozo wa KICD, na tathmini nikaifanya kwa ngazi zetu nne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio. Ule mgawanyo wa kazi ya kundi na kazi ya mtu mmoja ulinisaidia sana hapa. Leso ni ya kundi, lakini kila mwanafunzi alikuwa na michoro yake, muhuri wake na maelezo mafupi ya alichobadilisha na kwa nini. Mtoto mkimya aliyechonga vizuri hakumezwa na wenye sauti, na aliyejificha nyuma ya wenzake alionekana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama kungekuwa na toleo la sanaa, na furaha yangu ingekuwa kubwa zaidi kama lingekuwa la Kiswahili, maana mwalimu wa sanaa na wa Kiswahili wangeweza kukaa nalo meza moja. Majina ya leso yalikuwa kazi ya darasa la Kiswahili sawa na langu.

Kama muhula umebakiwa na wiki mbili, usiianze sasa. Pakua, jaza kwa penseli wakati wa likizo, na uanze na kisanduku cha watakaokuja kutazama. Kwa darasa la watoto 50 na zaidi, weka makundi ya watano au sita na uchapishe kwa zamu, nusu ya darasa ikichapa na nusu ikiendelea na stensili, la sivyo meza hazitatosha na rangi itaishia sakafuni. Wembe ushikwe na mwalimu peke yake. Kiazi kinachongeka vizuri kwa mpini wa kijiko kilichonolewa kwenye sakafu ya saruji.