Uzoefu wangu na albamu ya Kuára: zaburi na nyimbo za jadi mikononi mwa wanamuziki watatu wa jazi

Msikilizaji wa Afrika Mashariki akiambiwa kwamba albamu fulani ni ya jazi, mara nyingi fikra humpeleka kwenye bendi za dansi kama Morogoro Jazz na Western Jazz, zilizobeba jina hilo huku zikipiga muziki wa kuchezwa ukumbini. Kuára si jazi ya aina hiyo. Hakuna hata wimbo mmoja humu wa kumwinua mtu kitini, na naona ni vyema kulisema hilo mapema ili mnunuzi asije akadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Albamu hii ilirekodiwa Oslo mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2010 na ECM, kampuni ya Munich ambayo tangu mwaka 1969 imejijengea sifa ya kurekodi muziki kwa utulivu na usafi wa sauti. Wapigaji ni watatu tu: Wafini wawili, yaani Markku Ounaskari kwenye ngoma na Samuli Mikkonen kwenye piano, pamoja na Mnorwei Per Jørgensen, ambaye hupuliza tarumbeta na mara nyingine huimba. Besi haimo kabisa, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloipa albamu hii sura yake. Katika kundi la kawaida la jazi, besi ndiyo inayomshika mkono msikilizaji na kumwonyesha mdundo ulipo; hapa mkono wa kushoto wa Mikkonen unaifanya kazi hiyo pale tu anapotaka, na Ounaskari, badala ya kuhesabu mapigo, anayapitia matoazi kwa wepesi kiasi kwamba mahadhi yanabaki yakielea. Ukiwa na hedifoni nzuri unaisikia hata pumzi ya Jørgensen kabla tarumbeta haijatoa sauti.

Malighafi yao inatoka pande mbili. Upande mmoja ni muziki wa ibada wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, na upande wa pili ni nyimbo za jadi za Wakarelia, Waveps na Waudmurti, watu ambao lugha zao zina undugu na Kifini, wengine wa karibu na wengine wa mbali sana, kama vile Kiswahili kilivyo na ndugu zake hadi kwa Wazulu. Wakarelia wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Ufini na Urusi, Waveps wako karibu na ziwa Onega, na Waudmurti wako mashariki zaidi, kabla ya kufika milima ya Ural. Isitoshe, ingawa Wafini wengi ni Walutheri, Kanisa la Kiorthodoksi nalo lina nafasi yake kisheria nchini humo, kwa hiyo zaburi hizi si kitu cha kigeni kilichookotwa kwa ajili ya kupamba jazi.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi nyimbo za jadi zilivyochaguliwa. Tuuin Tuuin ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Soldat Keljangúr ni wimbo wa Waudmurti wa kumsindikiza kijana anayekwenda jeshini, na Sjuan Gúr ni wa harusi. Mtu wa pwani anayesubiri shamrashamra na vigelegele kwenye huo wa harusi itabidi asubiri albamu nyingine, kwa maana watatu hawa wanapiga kwa unyenyekevu uleule, iwe ni furaha au msiba. Hata hivyo hawayavunjivunji mahadhi ya wazee ili kuonyesha ufundi wao. Wanauacha wimbo upite mzima kwanza, ndipo wanapoanza kubuni papo kwa papo pembeni yake, na mara nyingi ubunifu wenyewe ni wa sauti chache tu. Nimewahi kusikiliza michanganyiko mingi ya jazi na muziki wa jadi ambamo wimbo wa kijijini unatumika kama kitambaa cha mezani. Humu, wimbo ndio chakula chenyewe.

Kipande ninachokirudia mara kwa mara ni kile kinachoitwa Psalm CXXI, yaani Zaburi ya 121. Atakayetaka kukifuatilia katika Biblia ya Kiswahili afungue zaburi mbili, ya 121 na ya 122, kwa kuwa Waorthodoksi huhesabu zaburi kwa kufuata tafsiri ya kale ya Kigiriki, na 121 yao ni ile ya kwetu inayoanza «Nalifurahi waliponiambia». Mimi nimeisoma ile ya «Nitayainua macho yangu niitazame milima» huku muziki ukiendelea, na hata bila mwimbaji wa maneno hayo, vilikubaliana vizuri mno.

Kasoro zipo. Katikati ya albamu kuna vipande kadhaa vinavyofuatana kwa mwendo mmoja wa polepole, na nilitamani angalau kimoja kikaze mdundo. Sauti ya Jørgensen nayo haitampendeza kila mtu. Inapopanda kwa kilio, baadhi ya watu nyumbani kwangu waliniomba nipunguze. Tena, spika ya simu haifai kabisa kwa muziki huu, kwa sababu nusu yake ni sauti ndogo ndogo ambazo feni ya darini inatosha kuzimeza. Sidii niliyoiagiza ilifika na kasha lililopasuka pembeni, lakini diski yenyewe ilikuwa salama, na tofauti ya sauti kati yake na ile ya kusikiliza kwenye intaneti ilionekana wazi kwangu, hasa kwenye matoazi.

Kwa anayependa kwaya za kanisani, au taarabu ya zamani ile ya kuketi na kusikiliza, ningemshauri aanze na Tuuin Tuuin kabla ya kununua albamu nzima. Na kwa anayeona kwamba piano na tarumbeta pekee ni kavu, atafute Starflowers ya mwaka 2007 ya Mnorwei Sinikka Langeland, ambamo Ounaskari huyuhuyu anapiga ngoma: humo kuna besi, kuna mashairi yanayoimbwa, na kuna kantele, chombo cha nyuzi cha Wafini na Wakarelia ambacho sikio lililozoea ala ya kanuni katika taarabu halitapata shida kukipokea.