Gose ya Leipzig au Weisse ya Berlin?

Zote ni bia za ngano za Kijerumani, na uchachu wao unatokana na bakteria wa aina ile inayogandisha maziwa. Lakini ukiniwekea glasi mbili mezani, mkono wangu unakwenda kwenye Gose.

Funda la kwanza linakaza mashavu kama ukwaju usiotiwa sukari. Kisha chumvi inajitokeza taratibu pembeni mwa ulimi. Si ya mchuzi, ni kidogo tu, ya kukufanya utake funda jingine. Mwishoni inabaki harufu ya mbegu za giligilani, inayokaribia ganda la limau. Bia hii ilianzia mji wa Goslar, ikachukua jina la mto wa huko, ila Leipzig ndiko ilikopendwa hasa. Kiwanda cha bia cha Bayerischer Bahnhof wanaipika pale tangu mwaka 2000.

Weisse ni nyepesi, kilevi asilimia 3 hivi, na haina chumvi ya kuutuliza ukali wake. Ndiyo maana watu wa Berlin huitia shira, nyekundu ya rasiberi au ile ya kijani. Mchana wa joto inakata kiu vizuri sana. Ila shira ikizidi, ladha ya ngano inapotea kabisa, na hilo linaniuma. Pakiwa na samaki wa kukaanga, nipe Gose.