Bomba la Inchi Nne Mlimani Igogo: Tathmini ya Mtumiaji

Nyumba yangu ipo katikati ya mteremko wa Igogo, jijini Mwanza, mahali ambapo bodaboda hukomea na mgeni hulazimika kumalizia safari kwa ngazi za mawe. Imepitisha misimu kadhaa ya mvua ikiwa imeunganishwa na mtandao wa majitaka uliorahisishwa, muda ambao naona unatosha kuitathmini huduma hii.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Wajerumani walipoanzisha kituo chao hapa mwaka 1892, na hata reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, mipango ya mji ilijali zaidi tambarare iliyo karibu na Ziwa Victoria. Waliokuja kutafuta kazi walipanda milimani wakajenga pale ambapo mawe yaliwaachia nafasi. Ndiyo maana tuna mitaa isiyofikika kwa gari la kunyonya majitaka, juu ya mwamba usiochimbika. Shimo lilipojaa, watu walisubiri mvua kubwa wakatapisha choo usiku, na uchafu ukateremka hadi ziwani, kama ule wa eneo la Mabatini ulivyoteremka kwa Mto Mirongo, ilhali ziwa ni hilohilo ambalo jiji huchota maji yake ya bomba.

Mtandao wa kawaida unadai barabara pana, mitaro ya kina kirefu na chemba kubwa, yaani visima vyenye mfuniko vya kukagulia na kuzibulia bomba. Kuuleta huku kungehitaji kubomoa sehemu kubwa ya mtaa. Huu uliorahisishwa, ambao mfumo wa aina yake ulijaribiwa mjini Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980, unazifuata nyumba zilivyo: mabomba membamba hupitishwa vichochoroni kwa kina kifupi, na mteremko uleule unaotuumiza magoti ndio unaoyasukuma majitaka mpaka kwenye bomba kuu. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mlima wetu umewahi kutusaidia.

Kwa upande wa matokeo sina mengi ya kueleza. Harufu imekwisha, nzi wamepungua, na mvua za masika hatuzipokei tena kwa wasiwasi wa kitakachopita mlangoni kutoka kwa jirani wa juu. Tozo huja pamoja na bili ya maji, na kwangu ni nafuu kuliko kuchimba shimo jipya, ambalo hata hivyo nisingepata pa kulichimba.

Kasoro zipo, nyingine zikiwa za watu kuliko za mfumo. Fundi wa kwanza niliyemwita kuunganisha choo na chemba alitumia kona moja kali, na kabla mwezi haujaisha bomba likaziba. Fundi wa pili, kijana mpole, alifukua, akaitoa kona ile iliyojaa nywele na tambara la deki, akaniambia, "Mama, maji yanapita kokote, lakini mzigo hautaki kugeuzwa ghafla," kisha akaweka kona mbili za nyuzi 45, na tangu siku hiyo sijamwita tena. Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba bomba ni la pamoja: mpangaji mmoja akitupa taulo la kike chooni, wanaofurikiwa ni walio chini yake, ambao hawakuhusika. Maji yakikatika siku mbili, choo cha kumwagia kinahitaji ndoo kadhaa ambazo hatuna. Tena nyumba zilizo chini ya usawa wa bomba haziwezi kuunganishwa, kwa kuwa uchafu haupandi mlima.

Jambo ambalo sikulitarajia ni namna bomba lilivyoupanga mtaa. Kabla yake, kila mwaka uchochoro wetu ulimegwa kidogo, huyu akiongeza stoo, yule akisogeza ukuta, hata jeneza likawa linapitishwa kwa kuinamishwa. Sasa kila baada ya hatua chache kuna mfuniko wa chemba, na hakuna anayethubutu kujenga juu yake, kwa sababu chemba ikiziba ni lazima ifunguliwe siku hiyohiyo. Mwaka jana jirani yangu alipotaka kuongeza jiko, alinyoosha kamba kutoka kwenye kona ya nyumba yake, ikaangukia katikati ya mfuniko. Alisimama pale kwa muda, akaikunja kamba, na jiko akalijengea upande wa uani.