Foronya za mito ya kochi Goma: vitambaa vya kununua na namna ya kupima

Ukienda kutafuta kitambaa cha foronya, anza na swali moja kabla ya rangi na kabla ya bei: hiki kitafuliwa vipi? Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ya 2021 ikafika Buhene. Mawe hayo yanasagwa kila siku na magari, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na vumbi lake lina chembe ngumu zenye ncha. Likiingia katikati ya nyuzi, kila anayeketi analisugua ndani ya kitambaa. Ndiyo maana foronya nyingi hupasuka kwenye kona na kwenye mshono wakati katikati bado pazima.

Halafu kuna maji. Kwa nyumba inayonunua maji kwa bidoni, kitambaa kinachotaka kusuuzwa mara nyingi ni ghali hata kama kilinunuliwa kwa bei ya chini. Nimevipanga vitambaa vya sokoni kwa kuangalia kwanza kama kinavumilia vumbi, kisha kinakula maji kiasi gani, kisha kinakauka kwa muda gani msimu wa mvua. Uzuri unakuja baada ya hapo, na kwa bahati nzuri vitambaa viwili vya juu kwenye orodha hii ni vizuri pia.

1. Kaki na pamba nzito

Namaanisha kitambaa kile kinachoshonewa suruali za kazi, chenye mistari midogo ya mshazari ukikitazama kwa karibu. Ufumaji huo wa mshazari hubana nyuzi, vumbi linabaki juu, na ukikung'uta nje asubuhi sehemu kubwa inatoka bila maji. Kaki nzuri ina uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Dukani hutapata mtu wa kukupimia gramu, kwa hiyo tumia mkono: inua kitambaa kwenye mwanga, weka vidole nyuma yake. Ukiona umbo la vidole waziwazi, ni chepesi mno kwa mto wa kukalia au kuegemea.

Chagua kijivu cha wastani, buluu ya bahari, kijani cha majani makavu. Nyeusi inawavutia wengi kwa kudhani inaficha uchafu, lakini vumbi letu likikauka ni la kijivu na juu ya nyeusi linaonekana toka mlangoni.

2. Kitenge mbele, kaki nyuma

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na kama ni mito ya pembeni tu, isiyokaliwa, ningekipa nafasi ya kwanza. Kitenge peke yake ni chembamba kwa mto unaotumika kila siku. Kikiwa upande wa mbele, na kaki upande unaosugua kochi, kila kimoja kinafanya kazi yake. Ukitaka kidumu zaidi, mwambie fundi aweke bitana nyepesi ya pamba nyuma ya kitenge.

Wax ya kweli, yaani kitenge kilichotiwa rangi kwa nta, rangi yake inaingia pande zote mbili, geuza uone. Ile ya bei rahisi iliyochapwa upande mmoja ina mgongo uliopauka, na baada ya kufuliwa mara chache mbele nako kunaanza kufanana na mgongo. Usitegemee jina lililochapwa ukingoni, maana majina makubwa yanaigwa. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua kitambaa kwa nguvu. Leso ikitoka na rangi, mito hiyo itachafua hata shati la mgeni.

Swali la pamba au plastiki linajibiwa na uzi mmoja. Mwombe muuzaji uzi uliochomoza ukingoni, uuchome kwa kiberiti mbali na vitambaa vyake. Pamba inawaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

3. Mapazia ya mitumba

Watu wanayapita kwa sababu yamekunjwa vibaya na yana mikunjo. Pazia zito la mitumba limeshafuliwa mara nyingi huko lilikotoka, kwa hiyo limeshanywea na limeshatoa rangi ya ziada. Utakachokiona ndicho utakachobaki nacho. Lifungue lote hapo hapo, lishike juu kinyume cha jua: sehemu iliyoliwa na jua huwa ni mistari mirefu, na inapasuka ukiivuta kwa vidole gumba viwili. Epuka lile lenye mpira mweupe nyuma wa kuzuia mwanga. Mpira huo unabanduka vipande vipande, na mto hautapumua.

4. Jinzi

Ni imara, hakuna ubishi. Lakini ikiloa ni nzito mno kwa kukamuliwa na mikono, inatoa buluu kwenye maji ya kwanza na ya pili, na kati ya Septemba na Desemba au Machi na Mei inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili ikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Inafaa kwa mito ya barazani, au ukitumia suruali kuukuu ambazo tayari zimeshapauka.

5. Mahameli

Najua inavyopendwa, hasa kwa harusi na kwa nyumba mpya. Vinyweleo vyake vinashika chembe za vumbi mpaka chini kabisa, na ukipangusa kwa kitambaa kibichi unatengeneza tope. Kama ni lazima, chagua yenye vinyweleo vifupi sana na iweke kwenye chumba kisichofunguka barabarani.

6. Satini

Iache. Inanasa kwenye kila kucha, inateleza chini ya sindano, na mto unadondoka kwenye kochi siku nzima.

Kupima

Usipime foronya kuukuu, imeshalegea. Pima mto wenyewe, katikati, kutoka mshono hadi mshono, utepe ukiwa umelala bila kufuata tumbo la mto. Andika urefu na upana hata kama unaonekana mraba, kwani mito mingi inatofautiana sentimita moja au mbili.

Tuseme mto ni sentimita 45 kwa 45. Foronya rahisi kuliko zote haina zipu: ni ukanda mmoja unaozunguka mto, ncha zake zinapishana nyuma. Hesabu yake ni hii. Urefu: 45 za mbele, 45 za nyuma, 15 za kupishana, na 5 za mapindo mawili, jumla 110. Upana: 45 na sentimita moja ya mshono kila upande, jumla 47. Usikubali fundi apunguze zile 15 za kupishana ili kuokoa kitambaa. Zikiwa 8 mgongo unafunguka kila mtu anapoegemea.

Kitenge kingi kina upana wa karibu sentimita 115, na kwa hiyo ukanda wa 110 unalala vizuri kutoka ukingo hadi ukingo. Kila foronya inakula sentimita 47 tu za urefu wa kitambaa. Na hapa ndipo wengi wanapungukiwa. Kitenge kinauzwa kwa yadi, yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo yadi mbili ni 183. Foronya nne zinataka 188. Sentimita tano zinakosekana, na hapo kitambaa hakijanywea bado. Yadi mbili ni foronya tatu. Yadi sita, yaani sentimita 549, ni foronya kumi na moja kwa hesabu kavu, lakini kwa pamba isiyofuliwa hesabu kumi.

Kwa hiyo ukifika Birere au soko la Virunga, kabla ya kujadili bei uliza: «Mama, hii ni kwa yadi ao kwa mita?» Duka moja linaweza kupima kaki kwa mita na kitenge kwa yadi, na tofauti ya sentimita 9 kwa kila kipimo ndiyo inayokula foronya ya mwisho. Uliza upana pia, kisha uupime mwenyewe. Kaki mara nyingi ina 150, na hiyo inabadilisha hesabu yote.

Mfano wa kitenge mbele na kaki nyuma, mito sita ya 45: kila uso ni mraba wa 47, nyuso mbili zinakaa bega kwa bega kwenye upana wa 115, safu tatu ni sentimita 141. Yadi mbili zinatosha na akiba inabaki. Migongo ni vipande kumi na viwili, viwili vinavyopishana kwa kila mto, kila kimoja 47 kwa 33 na nusu, vitatu kwa safu kwenye kaki ya 150. Safu nne ni sentimita 134. Nunua mita moja na nusu.

Hesabu hiyo inavumilia kitenge chenye maua madogo. Kama ni duara kubwa au ndege, pima kutoka kichwa cha ndege mmoja hadi kichwa cha ndege anayefuata. Ikiwa ni sentimita 60, huwezi kupata ndege mzima katikati ya kila mraba wa 47 bila kupoteza kitambaa katikati. Ongeza yadi mbili nyingine, au chagua kitenge kingine. Kwa ukanda wa kipande kimoja kumbuka kuwa uso wa mto ni katikati ya ukanda, yaani sentimita 55 kutoka ncha. Ua lililo karibu na ukingo litaishia mgongoni.

Kabla ya mkasi, kitambaa chote kifuliwe. Pamba mpya inaweza kunywea asilimia 3 hadi 5, na foronya ya 45 ikipoteza sentimita mbili baada ya kushonwa, mto utaingizwa kwa vita. Chumvi ambayo wengi hutia kwenye maji haifungi rangi ya kitambaa cha kiwandani. Kinachosaidia ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo upime tena na kukata.

Uzi uwe wa poliesta hata kama kitambaa ni pamba, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwanza kwenye mshono. Na mwombe fundi apite mara mbili kwenye kona zote nne na mahali mgongo unapoanzia kupishana.